Plagi Iliyoingia Maji

Kila asubuhi Faradji huwabeba wauza viazi kutoka Cyanzarwe hadi soko la Gisenyi. Basi lake dogo ni la zamani, lakini linang'aa, maana Faradji hapendi kuchekwa. Kabla ya ndoa ya binamu yake aliliosha lote. Hata injini aliipiga maji kwa mpira wa bomba.

Baada ya ndoa, gari lilianza kutetemeka kila liliposimama. Mlimani lilikosa nguvu, abiria wakashuka kulisukuma. Faradji alikwenda moja kwa moja kituo cha mafuta. Akamfokea jirani yake Igor, anayeuza mafuta pale, mbele ya madereva wote.

"We unatia maji mu mafuta. We ni mwizi."

Hasira, hasara. Bosi wa kituo alisikia, akamwambia Igor abaki nyumbani kwanza.

Jioni Nadra, mke wa Faradji, alisema, "Baba Sano, umeita mutu mwizi, na hata kapo ya gari haujafungua uangalie moteri."

Asubuhi Faradji alilipeleka gari kwa fundi Niyonsaba. Fundi aliiacha injini ikiunguruma. Kwa koleo lenye mpini wa mpira alichomoa waya wa plagi moja, akaurudisha, kisha mwingine. Kila mara injini ilizidi kutetemeka. Kwa plagi ya tatu, haikubadilika.

"Iko hapa. Silinda hii haifanye kazi. Ingekuwa mafuta, zote zingesumbuka, juu zote zinakunywa mafuta moja."

Alizima injini, ikapoa, akafungua plagi. Ilikuwa na maji na kutu.

"Uliosha moteri na mpira?"

"Juu ya ndoa," alisema Faradji, macho chini.

"Moteri tunapangusa na kitambaa. Maji ikiingia hapa, moto haitoke."

Fundi alikausha tundu, akaweka plagi mpya. Injini ikatulia, lakini Faradji hakufurahi. Aliichukua plagi yenye kutu, akarudi kituoni, akamwita bosi mbele ya madereva walewale.

"Igor hana makosa. Maji nilitia mi mwenyewe, mu moteri yangu."

Hakuna aliyecheka. Faradji alitamani wacheke.

Kesho yake basi lilipanda mlima likiwa limejaa viazi. Kituoni, Igor alikuwa amerudi kazini. Alishika mpira wa mafuta, akamtazama Faradji.

"Bon. Nitie, ao unataka kuonja kwanza?"

Madereva waliangua kicheko. Uso wa Faradji uliwaka kwa haya, lakini alicheka nao.

"Tia, ndugu yangu," alisema.