Mradi Fundi Rangi

Foleni ya kutoa nakala ilikuwa imefika barabarani, na mashine ilikuwa moja. Wengi walitaka nakala ya cheti ili wajiandikishe chuoni ng'ambo ya pili, kozi ya Jumamosi ya uongozi na utunzaji wa mazingira kwa watu wazima walio kazini. Mwanamke wa gauni la njano alikuwa wa tisa. Nyuma yake alisimama mwanamume wa shati la samawati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, na huyo ndiye aliyeanza maneno.

"Dada, hivyo vidole ulimsalimia nani?"

Akavitazama vidole vyake, vya buluu mpaka kwenye kucha. Alikuwa ameongoza watia rangi wa kiwanda cha nguo kwa miaka kumi na tisa, na miaka hiyo haitoki kwa sabuni. "Nilimsalimia mmoja mwenye maswali mengi," akamjibu. "Hajaonekana tena."

Mwanamume akacheka hadi watu wakageuka. Alipoulizwa yeye anafanya nini, alisema kazi ya maji tu, na mwanamke akadhani ni fundi bomba. Wiki ya kwanza haikwisha darasa likawa limewabatiza: Fundi Rangi na Bwana Maji.

Mwalimu wao, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, hakuwafundisha kupanda miti. Alisema mtu mzima habadiliki kwa kuhubiriwa. Anabadilika siku anapoikamata dhana yake mwenyewe na kuihoji. Kwa hiyo kila mmoja apige mstari katikati ya ukurasa, kushoto aandike macho yameona nini, kulia moyo umeongeza nini. Fundi Rangi, na miaka yake arobaini na miwili na binti wa sekondari, alijiona amerudishwa chekechea. Hata hivyo alipiga mstari.

Mapenzi yalikuja kwa simu za saa ya chakula cha mchana.

"Umekula, rangi yangu?"

"Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa wewe."

"Nimeuliza kama umekula tu, bibie."

"Nimekula. Haya, sema unachotaka."

"Kukusikia ukigomba."

Alikuwa na sababu ya kugomba. Mume wake wa zamani naye alikuwa na ulimi mtamu, na pia alikuwa na nyumba ya pili ambayo yeye aliigundua baada ya miaka sita. Tangu hapo kila neno tamu alilipekua kwanza. Na bado, mchana mmoja, alimwambia Bwana Maji jambo ambalo hata dada yake mkubwa, anayeishi naye, hakulijua. Tangi la kuchujia maji ya kiwanda lilikuwa limepasuka miezi miwili nyuma. Maji ya rangi yalikwenda moja kwa moja mtaroni. Meneja alikuwa amemwambia afunge mdomo, na kila asubuhi yeye ndiye aliyetia saini fomu kwamba tangi ni zima.

Bwana Maji akauliza tangi hilo liko upande gani wa kiwanda. Swali hilo halikumkaa vizuri Fundi Rangi.

Jumatano iliyofuata alitoka kwa mlango wa nyuma kupunga hewa, akaliona gari la manispaa. Kando ya mtaro alichuchumaa Bwana Maji, amevaa buti za mpira, anakinga maji kwenye chupa na kuibandika karatasi. Kumbe kazi ya maji ndiyo hii. Akarudi ndani kabla hajaonekana.

Jioni ile Bwana Maji alipiga simu kama kawaida, akauliza ameshindaje, na habari za mtaro hakuzigusa. Fundi Rangi naye akasema ameshinda salama. Dada yake, aliyekuwa amesimuliwa yote jioni hiyo na sasa akisikiliza huku anakunja nguo, alimwambia bila kuinua uso, "Mwanamume anayekuuliza tangi liko wapi hatafuti mke, mdogo wangu."

Jumamosi, wakati wa mapumziko, Bwana Maji aliacha daftari lake wazi juu ya kiti. Nusu ya juu ya ukurasa ilifunikwa na fomu ya manispaa yenye jina la kiwanda cha Fundi Rangi. Chini kabisa, mstari wa mwisho, kwa mwandiko wake wa kulala, ulisomeka: *Mradi Fundi Rangi*.

Kwa hiyo alikuwa mradi. Huenda hata namba alikuwa nayo. Alichukua mkoba wake akaondoka kabla kipindi hakijaanza tena. Simu iliita mara kumi na moja siku ile, hakuipokea. Mwishowe alituma maneno mawili: *Mradi umefungwa*.

Jumapili alifungua daftari lake ili amtukane vizuri kwa maandishi. Upande wa kulia ulijaa upesi: mwongo, mpelelezi, msaliti, na mengine ambayo mwalimu asingeyasoma kwa sauti. Kushoto akapata mistari mitatu tu. *Alikinga maji. Aliandika jina langu.* Wa tatu ulijiandika wenyewe: *Kila asubuhi ninasaini kwamba tangi ni zima*. Aliutazama muda mrefu. Bwana Maji angeweza kuwa shetani mwenyewe, lakini saini ile haikuwa yake. Alilia, na safari hii hakuwa akimlilia mwanamume.

Jumatatu alipoletewa fomu aliandika kwa herufi kubwa kwamba tangi limepasuka tangu miezi miwili iliyopita, na kwamba yeye amekuwa akisaini uongo. Akaitoa nakala, akampelekea meneja. Meneja aliisoma akiwa amesimama, akamwambia aende nyumbani mpaka atakapoitwa, kama ataitwa. Hakwenda nyumbani. Alikwenda manispaa, akaelekezwa chumba cha maji, akaitua nakala mezani kwa Bwana Maji bila salamu.

"Huo hapo mradi wako. Umekamilika."

"Mradi gani? Tangu Jumamosi ninaumiza kichwa juu ya neno hilo."

Akamwambia alichokiona kwenye kiti. Bwana Maji alivuta daftari kutoka kwenye droo, akalifungua, akaiondoa ile fomu, akamwonyesha ukurasa mzima. Humo aliandika kwamba alikuwa ameomba faili la kiwanda apewe ofisa mwingine, mkubwa wake akakataa. *Nipewe barua ya onyo, nihamishwe, sawa. Mradi Fundi Rangi*. Halafu akafunua. Juu ya ukurasa wa pili neno lilikuwa moja: *asiumie*.

Fundi Rangi alisoma mara mbili. Aibu na furaha vilimpanda kwa pamoja. Lakini hakuwa mwanamke wa kununuliwa kwa kitenzi kimoja.

"Na kwenye foleni? Vidole vyangu hukujua vinatoka wapi?"

Angeweza kukana, na hakuna ambaye angejua. "Nilijua," akasema. "Malalamiko ya mtaro ule yalikuwa mezani kwangu. Nilikusemesha kwa sababu hiyo."

"Siku ile tu?"

"Siku ile, na wiki moja baada yake."

Ile wiki moja ilimchoma. Wakati huohuo alijua kwamba mwongo asingeitaja.

"Na mimi nikuulize," Bwana Maji akasema. "Umeandika hii kwa sababu uliniona mtaroni?"

Alitamani sana kusema hapana. "Jumatano nilikuona. Jumatatu nimeandika. Sijui."

Mtu akagonga mlango, akaambiwa asubiri. Fundi Rangi akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

"Nakupenda," akamwambia. "Na bado sikuamini sawasawa. Utaweza kuishi na vyote viwili?"

Alisubiri neno tamu, tayari kulipekua. Halikuja. Mwanamume yule mwepesi wa maneno alitazama dirishani, akamtazama yeye.

"Nitajaribu," akasema.

Lilikuwa jibu lake la kwanza ambalo Fundi Rangi hakulitilia shaka.