Mama na Maneno Arobaini ya Mjerumani

Dada yangu Shamsa si mtu wa kuzusha mambo, na mimi niliyeyaona ya mwisho kwa macho yangu sina sababu ya kudanganya. Yalitupata mwezi wa saba mwaka jana, nyumbani kwetu Magamba, juu ya mji wa Lushoto.

Ilikuwa Alhamisi ya kawaida. Shamsa alimwogesha Mama, akamlisha uji, akamlaza ubavu aangalie dirishani. Mama alipigwa kiharusi miaka miwili nyuma, na tangu hapo hakutamka neno. Kisha Shamsa akakaa mezani, chumba hicho hicho, na sanduku la makaratasi. Alikuwa amepewa kazi na makumbusho ya kuyachapa kwenye kompyuta: makaratasi ya Daktari Rohmann, Mjerumani aliyekuja milimani zaidi ya miaka mia iliyopita kuchunguza akili na mila za watu wetu. Kazi yake ilikuwa kumkalisha mtu kitini na kumtamkia neno moja. Mtu anajibu lolote linalomjia kwanza. Yeye anaandika, kwa Kiswahili kile kile.

Jalada la siku ile lilikuwa la mwanamke wa Mazinde, huko bondeni. Halikuwa na jina, namba tu: thelathini na moja. Maneno arobaini. Wino ulikuwa umefifia, kwa hiyo Shamsa akasoma kwa sauti asije akakosea.

"Maji."

"Mto," akajibiwa kutoka kitandani.

Alipoitazama tena karatasi, mbele ya neno maji Mjerumani alikuwa ameandika: mto.

Alinipigia simu akilia kwa furaha. "Zuhura, Mama kasema! Wallahi kasema!"

Mimi nimeolewa Bumbuli. Nilipofika siku ya pili nilimwamkia Mama, nikamwita, nikamshika shavu. Aliendelea kutazama dirishani. Shamsa akachukua karatasi, akasoma, "Moto."

"Majivu," Mama akasema.

Midomo ilikuwa ya Mama. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana.

"Rudisha haya makaratasi, dada," nikamnong'oneza. "Anayejibu si Mama."

"Miaka miwili, Zuhura. Miaka miwili namgeuza kama gunia, sijui hata kama ananijua. Wewe uko kwako Bumbuli. Niachie hiki."

Nikarudi kwangu.

Nasikia alikuwa akimsomea maneno matatu kwa siku, kama dozi. Neno lililokwisha kujibiwa halikujibiwa tena hata alirudie mara mia. Na kila siku Mama alikonda. Alikataa uji, kisha maziwa, kisha maji. Shamsa aliona, lakini alisoma. Kati ya neno na neno alimbembeleza, "Mama, ni mimi. Niite hata mara moja tu."

Niliporudi baada ya wiki mbili nilimkuta Mama amebaki mifupa. Ilikuwa saa tisa alasiri, ukungu umeziba dirisha. Yalikuwa yamebaki maneno mawili.

"Mtoto," Shamsa akasoma, kabla sijamzuia.

Mama alifumbua macho. "Mmempeleka wapi?"

Niliitazama karatasi. Jibu lilikuwa ndilo hilo. Chini yake kulikuwa na neno la mwisho, nyumbani, na mbele yake patupu. Mjerumani aliandika tu: *Hakujibu. Tulimfungua kamba, tukamfunika.*

"Usisome," nikasema. "Dada, nakuomba. Huyu mwanamke alifia hapo."

"Hilo ndilo halina jibu lake," Shamsa akasema. Machozi yalimtiririka. "Huenda Mama akajibu mwenyewe." Akasogea kitandani, akapiga magoti. "Nyumbani, Mama. Nyumbani."

Mama akageuza shingo, ile shingo iliyokauka miaka miwili. Akamtazama.

"Shamsa," akasema. Kwa sauti yake mwenyewe.

"Abee, Mama! Abee!"

"Maji," Mama akasema.

"Mto," dada yangu akajibu.

Akaziba mdomo. Akanitazama. Hakuwa amekusudia.

"Moto."

"Majivu."

Sasa Mama ndiye aliyeuliza. Alitaja maneno kwa mpangilio ule ule, bila karatasi. Shamsa alijibu yote. Alitikisa kichwa akikataa, na mdomo ukajibu. Nilimvuta mabega. Alikuwa mzito kama jiwe.

"Mtoto."

"Mmempeleka wapi?" Ile sauti ya kijana. Sasa ilitoka kinywani mwa Shamsa.

"Nyumbani," Mama akasema.

Niliona midomo ya dada yangu ikifunguka. Nikaiziba kwa kiganja. Aliniuma mpaka damu ikatoka. Sikuachia. Mama alitutazama, akasubiri. Akasubiri sana. Kisha pumzi yake ikakatika, macho yakiwa wazi.

Shamsa akaanguka mapajani mwangu. Alipozinduka alilia kwa sauti yake. "Nimemuua, Zuhura. Nilitaka aniite tu." Nilimwambia hakumuua. Sijui kama nilisema kweli.

Makaratasi niliyarudisha mwenyewe asubuhi yake. Shamsa yu hai, ila hasomi kitu kwa sauti, hata Yasini husoma moyoni.

Mama tulimwosha watatu: mimi, Shamsa na shangazi. Shangazi alipoinua mikono ya marehemu aliisimamisha hewani. Kuzunguka vifundo vyote viwili vya mikono palikuwa na makovu ya kamba, mapana, ya mtu aliyevutana nayo kwa nguvu. Hayakuwa mabichi. Yalikwisha kupona miaka mingi.

"Haya aliyapata wapi?" shangazi akauliza.

Shamsa alikuwa ameiosha mikono hiyo kila asubuhi kwa miaka miwili. Akachukua sanda, akaifunika.