Ukurasa Usioguswa Miaka Miwili

Duka la kutoa nakala lilijaa hadi mlangoni. Dada mmoja wa gauni la kijani, limepigwa pasi likanyooka, alikumbatia barua zake za kuomba kazi. Kijana aliyesimama nyuma yake akamuuliza kama anahama kazi.

"Nimefukuzwa," alijibu. "Nilikuwa fundi wa kompyuta wa maabara ya hospitali. Kuna programu tuliyokuwa tukitumia kusomea majibu ya damu. Nikafuata maelekezo ya mtandaoni neno kwa neno: pakua hiki, sakinisha hivi. Kumbe toleo lilishabadilika, na ukurasa haujaguswa miaka miwili! Mfumo ukagoma, wagonjwa wakakaa siku mbili bila majibu. Huyo mwandishi nikimkamata, atanitambua."

Kijana aliyatambua maelekezo hayo. Ukurasa ule ulikuwa wake. Mwanamume kamili angesema palepale. Huyu alimshikia mkoba, akaomba namba. Jioni hiyo aliurekebisha ukurasa mstari kwa mstari, akijaribu kila hatua kwenye kompyuta aliyoifuta kila kitu.

Wakapendana, tena sana. Ikawa miezi mitano ya "umekula, mpenzi?" na "kata simu wewe kwanza." Kisha siku moja dada alifungua ukurasa ule amwonyeshe mdogo wake kilichomponza. Akakuta umesasishwa, na chini yake tovuti imeweka jina la mwandishi, ambalo zamani halikuwapo: la mpenzi wake, na tarehe ya siku waliyokutana.

Hakupiga kelele. Alimrudishia koti aliloliazima kwake, amelifua, akaacha kupokea simu zake.

Kijana alikonda. Siku ya tisa alimpelekea mkuu wa maabara barua yenye sahihi yake: kosa ni langu, dada yule alifuata nilichoandika. Mkuu aliisoma mara mbili. Nafasi ilishajazwa, alisema, lakini lawama ataifuta kwenye faili.

Wiki iliyofuata simu ya kijana ikaita. Alikuwa dada.

"Mkuu wangu wa zamani amenipigia. Ameniomba radhi."

"Nilipaswa kwenda kwake siku ileile."

"Kwa nini hukuniambia, wewe?"

"Niliogopa utaniacha."

"Na nimekuacha kwa sababu hukuniambia." Alikuwa analia wala hakuficha. "Mama kila siku ananiuliza mkwe wake yuko wapi."

"Unamjibuje?"

"Kwamba una kazi nyingi. Umenifanya hata mimi mwongo."

"Niruhusu nije nimweleze ukweli wote. Kisha nikuombe kwake, akinikubali."

Dada alipenga kamasi.

"Njoo. Lakini sikiliza: ukinificha jambo tena, nitaondoka."

"Nimesikia."

"Halafu nitarudi. Ndicho kinachoniudhi."