Maji Yaliyomkimbilia Kogo

Kila Jumamosi Cheptoo alifua sare yake na kumtunza nyanya yake, ambaye wote nyumbani walimwita Kogo. Kogo alivunjika nyonga shambani, na tangu siku hiyo hakuweza kutembea.

"Usimwache Kogo peke yake," mama alisema Jumamosi moja, akajitwika kikapu cha majani mabichi na kwenda kituo cha kupimia chai.

Mchana mvua ilinyesha, kama kawaida ya kwao Mogogosiek. Sare ilikuwa bado mbichi. Cheptoo akawasha jiko la makaa sebuleni, akafunga kamba juu yake na kuanika sweta. Kisha akaingia chumbani kumlisha Kogo uji.

"Ni nini kinanuka hivyo?" Kogo akauliza.

Cheptoo akafungua mlango. Sweta lilikuwa limeangukia makaa. Kochi lililokuwa kando ya jiko liliwaka, na moto ulikuwa umeziba mlango wa nje, ambao ndio uliokuwa wa pekee. Akaubamiza mlango wa chumba na kukimbilia dirishani. Vyuma vya kuzuia wezi havikupitisha hata kichwa chake.

"Moto! Tusaidieni!"

Mvua ilipiga mabati kwa kishindo hata yeye mwenyewe hakujisikia. Moshi ukaanza kupenya. Cheptoo akaziba upenyo wa chini kwa blanketi, kisha akamshusha Kogo sakafuni, ambako hewa ilikuwa afadhali.

"Kogo, tutakufa?"

Kogo alitazama bomba lililopita darini. "Johana alisema maji yatakuja yenyewe."

Johana, baba mdogo wa Cheptoo, alikuwa fundi wa mabomba katika hoteli moja kubwa Nairobi. Likizo iliyopita aliweka tangi mlimani nyuma ya nyumba, akapitisha mabomba darini. Kila chumba kilikuwa na kichwa cha shaba chenye kichupa cha kioo. Joto likizidi, alisema, kichupa hupasuka na maji humwagika. Majirani walicheka. Mama naye alinung'unika kwamba tangi zima linakaa bure huku yeye akichota maji mtoni. Hakuna aliyewahi kuona kichupa kikipasuka.

Cheptoo alikohoa. Mlango ulikuwa moto kuguswa. Kogo akamshika mkono, akaanza kuomba kwa Kikipsigis.

Ghafla, paa! Kitu kilipasuka sebuleni, kikafuatwa na mvumo wa maji. Moto ukalia kama chuma cha moto kilichotumbukizwa majini. Muda si muda, blanketi lililokuwa chini ya mlango likalowa.

Mama aliporudi, alimkuta Cheptoo amembeba Kogo mgongoni, akijikokota kuelekea mlangoni. Sebule ilikuwa nyeusi, kochi limebaki mifupa, lakini paa lilikuwa zima.

"Ni mimi, mama," Cheptoo akalia. "Nilianika sweta juu ya jiko, nikaliacha."

Mama aliwakumbatia wote wawili.

Johana alifika wiki iliyofuata kubadilisha kile kichwa kilichopasuka. Majirani waliocheka walisimama mlangoni wakitazama.

"Cheptoo," Johana akasema, "jiko lenye moto haliachwi bila mtu. Lakini mtu hukosea, na moto haungoji jirani asikie. Asiyeweza kukimbia, maji na yamkimbilie."

"Shemeji," mama akamwambia, "kesho uanze na jikoni. Huko nje hukufikisha bomba."