Sare Nzuri, Chuo Kipi?

Fundi wa nguo alikuwa akimalizia gauni jeupe la bintiye, Kidoti. Sebule nzima ilinguruma kwa cherehani.

"Jumatatu unaanza," alisema. "Miezi sita tu, unatoka muuguzi kamili."

"Mama, chuo chenyewe una hakika nacho?"

"Mwanangu, nimewashonea sare mwaka mzima. Kitambaa kizito, nembo ya uzi wa dhahabu. Chuo cha ovyo hakivalishi watu hivyo."

Fundi alipima kila kitu kwa kitambaa, hata wachumba wa wateja wake.

"Hodi!" Alikuwa jirani yao, muuguzi wa wodi ya wazazi. Mtaa mzima ulimwita Sista.

"Karibu, Sista. Njoo umwone mwenzako mtarajiwa."

Sista alilitazama gauni. "Limekaa vizuri. Chuo kimesajiliwa na baraza la wauguzi?"

Fundi alisimamisha cherehani. "Hilo sikuuliza."

"Na wanafunzi wanajifunzia hospitali gani?"

"Hawaendi hospitali," Kidoti alidakia. "Wana kitanda na mdoli."

"Mdoli hatapiki wala hatoki damu," Sista alisema. "Kozi fupi yaweza kukufundisha kumhudumia mgonjwa nyumbani. Ni kazi ya heshima, lakini haikufanyi muuguzi. Bila leseni ya baraza, hugusi sindano wodini."

Kidoti alinywea. "Basi imebaki chuo kikuu, na alama zangu hazifiki."

"Nani kakwambia? Biolojia na kemia umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Basi soma stashahada. Miaka mitatu, darasani na wodini. Ukimaliza unafanya mtihani wa baraza, unapewa leseni, unaanza kazi. Baadaye ukitaka shahada, mlango uko wazi. Mimi nilipita huko, kisha nikasomea ukunga. Wenzangu wengine wako chumba cha upasuaji, wengine afya ya akili, mmoja anafundisha."

"Miaka mitatu yote!" Fundi alishika kiuno.

"Shoga, wewe ulijifunza kwa muda gani mpaka ukaaminiwa gauni la harusi?"

"Minne," Fundi alijibu kwa shingo upande. Kidoti alicheka.

"Na wewe ukikosea, unafumua. Mtu hafumuliwi."

Kesho yake mama na binti walikwenda ofisi ya baraza. Karani aliwaambia chuo kile hakijasajiliwa, akawatajia vilivyosajiliwa. Kidoti aliomba nafasi katika kimojawapo, akapata. Tangu siku hiyo, kila mzazi aliyeleta binti kupimwa sare ya uuguzi aliulizwa na Fundi, "Umeshafika baraza?" Kazi za chuo kile alizikataa.

Kidoti alisoma, akafaulu mtihani, akapata leseni na kazi. Wiki yake ya kwanza, bibi mmoja wodini alimkazia macho.

"Wewe mtoto, sindano unaijua kweli?"

"Naijua, bibi. Nimeisomea, nimeifanyia mazoezi kwa wagonjwa, na baraza limenipima."

Bibi aligeuka kukohoa kidogo, kisha akakunja mkono wa gauni lake.

"Haya, njoo. Lakini usinichekee nikilia."

"Hutalia wala sitacheka, bibi. Tulia." Akamchoma.

"Anza basi," bibi alisema.

"Nimeshamaliza."