Chaza Wasiofunga Milango

"Jongoo, unanisikia?"

"Naam, mkuu."

"Lori linatoka saa nne. Mashamba arobaini ya baharini yanasubiri hao chaza wachanga. Mtu mmoja humo kituoni amelipwa awaharibu. Mkamate kabla geti halijafunguliwa."

Simu ikakatika. Saa ya Casio mkononi ilionyesha saa tatu na dakika arobaini na nane.

Jongoo, jasusi aliyejifanya mfagiaji, akaegemeza fagio ukutani. Pampu za matangi ya kukuzia chaza zilikoroma kama mgonjwa.

Mtaalamu wa maabara, mama wa makamo, aliinama juu ya beseni.

"Mwanangu, nimegonga magamba thelathini. Chaza mzima akigongwa hujifunga. Waliofunga ni wanne."

"Wanaumwa?"

"Bado. Ndicho kinachonitisha." Akashusha sauti. "Chaza akivamiwa na vijidudu, neva zake hutoa kemikali iitwayo peptidi. Ni kama barua ya amri. Chembe za damu zikiipata zinapigana, kisha zinasafisha sumu inayobaki baada ya vita. Sasa mtu ametia peptidi ya kughushi majini. Inaziambia: laleni."

"Na wakifika baharini?"

"Wiki moja. Yatabaki magamba matupu."

Amri ya kughushi. Jongoo aliijua. Iliwahi kumuulia wenzake wawili.

Mungu wangu, nionyeshe, akaomba kimoyomoyo.

Pale kila apitaye kando ya tangi hugonga gamba moja kwa kidole. Wanaita kubisha hodi.

Dereva akapita, akagonga.

Mlinzi akapita, akagonga. "Leo wamelala kama shemeji aliyeshiba," akatania.

Mkaguzi wa maji akapita. Koti jeupe, mkono mfukoni.

Hakugonga. Hata kutazama hakutazama.

"Mzee, leo hubishi hodi?"

"Nina haraka. Wewe fagia."

"Au unajua hawatafunga?"

Mkono ukatoka mfukoni na bastola ya Beretta.

Jongoo akalinyakua fagio ukutani, akaupiga mkono ule kabla haujalenga. Risasi ikatoboa bomba, maji yakaruka hadi darini. Jongoo akamlaza kifudifudi, akamkalia mgongoni. Kichupa cha buluu kikamtoka mfukoni, kikabingirika sakafuni.

Jongoo akapiga simu. "Mkuu, zuia lori."

"Limezuiwa. Na chaza?"

Jongoo akamtazama mama.

"Maji safi siku mbili," alisema. "Watazinduka, Mungu akipenda."

Walinzi wakamchukua mkaguzi. Jongoo akarudisha fagio mahali pake, akaelekea mlangoni. Kwenye beseni la mwisho akasimama, akagonga gamba moja.

Kimya.

Akangoja.

Polepole sana, gamba likajifunga.

Jongoo akatoka nje bila kugeuka.