Kiti Kilichovuliwa Nailoni

"Umeiua gari yangu, Mbwana! Iangalie, hata kuku anaipita!"

Na kweli, kuku wa Bi Tatu alikuwa anaipita. Bi Mwanakheri alikuwa amekandamiza kanyagio mpaka chini, na gari lake la umeme, ambalo zamani lilikuwa likiondoka kama mshale, lilijikongoja mbele ya gereji kama bibi harusi anayeingizwa ukumbini.

"Jana nimekuletea sevisi ya kawaida tu. Leo haichanganyi! Barabara nzima wananipigia honi."

"Dada Kheri, shuka kwanza tuongee."

"Sishuki! Nataka Ngamiani nzima isikie."

Ngamiani nzima ilishasikia. Bi Tatu alikuja na kigoda chake kabisa. Fundi Mbwana alijua maana ya kigoda kile: kabla ya magharibi jina lake lingekuwa limechafuka Tanga yote, na gereji ya maroboti iliyofunguliwa mtaa wa pili ilikuwa inawasubiri wateja wake kwa hamu.

Akamwomba tena Bi Mwanakheri ashuke, akaingia mwenyewe, akakanyaga. Gari likachomoka hadi kona, likarudi likivuma.

"Kumbe gari nzima, dereva ndiye mbovu!" Bi Tatu akasema. Watu wakaangua kicheko.

Mbwana hakucheka. Alimrudisha Bi Mwanakheri kwenye usukani, akavaa miwani-chunguzi, ambayo humwonyesha fundi peke yake kile ambacho gari linafikiri.

Magari ya siku hizo yalikuwa na kiti-hisi. Kiti hicho kilipima uzito wa dereva, pumzi zake na mapigo ya moyo wake, kisha kikaiambia akili ya gari ikimbie vipi. Dereva akiwa mgonjwa, gari lilimbeba kama trei ya mayai. Lakini Bi Mwanakheri, kama nusu ya watu wa Tanga, hakuwahi kuvua nailoni ya dukani, kiti kisije kikachafuka. Miaka yote kiti kilikuwa hakimhisi, na gari likamchukulia kuwa mzima tu. Jana, kwenye sevisi, Mbwana aliiona nailoni imechanika, akaivua akaitupa.

Sasa maandishi yalipita mbele ya macho yake: *Dereva hajala. Uzito mdogo mno. Mapigo hafifu. Mwendo wa upole.*

Akamtazama. Bangili zilikuwa zimeteleza mpaka karibu na kiwiko.

Tangu kila nyumba ipate mpishi-ukuta, ile mashine inayopika sahani kwa idadi ya midomo bila moshi wala harufu, hakuna aliyetuma mtu kuazima chumvi, wala sahani iliyofunikwa kawa haikuvuka tena uchochoro. Baada ya arobaini ya mume wa Bi Mwanakheri, mtaa ulijua nani anamposa na shemeji gani kamnunia. Kwamba hali chakula, hakuna aliyejua.

"Haya fundi, kosa la nani?" Bi Tatu alisogeza kigoda.

Neno moja tu lingelisafisha jina lake. Mbwana akavua miwani.

"Kosa langu. Nimeharibu kitu kwenye kiti. Nitatengeneza."

"Si nilisema!" Bi Tatu akabeba kigoda chake, akaondoka haraka na habari ikiwa bado ya moto. Wengine wakamfuata.

Bi Mwanakheri alibaki ameshika usukani. "Mbwana, umeona nini humo?"

"Nimeona gari lako linakujali kuliko sisi majirani zako."

Aliuachia usukani. Aliposema tena, ukali ulikuwa umemwisha. "Ile mashine inaniuliza, sahani ngapi? Nashindwa kusema moja, naizima."

Mbwana akageukia mlango wa nyumba yake. "Mwajabu! Zima mashine yako. Tafuta lile sinia la harusi yetu, lioshe, upakue chakula chote humo."

"Sinia?" Sauti ya mkewe ilitoka ndani. "Kwani tuna wageni?"

"Hatuna wageni. Ni Dada Kheri." Akamfungulia mlango wa gari. "Shuka basi, dada. Gari litasubiri. Karibu ndani, unawe, tule."